Msimuchore Akiomba
Maneno tuliyosema Himbi, kwenye maonyesho ya picha kwa ajili ya mabaharia wenye ulemavu

Wapendwa memba, papa na mama, wageni wetu, na nyinyi wafadhili mtakaosoma maneno haya mkiwa mbali, asanteni. Asante ya kwanza iende kwa mama aliyetupatia parseli yake bila kuomba hata franka moja, na kwa vijana waliokesha jana wakipigilia misumari. Mukiona picha moja imeinama kidogo muwasamehe, umeme ulikuwa umekatika.

Tuanze na picha ile iko karibu na mlango. Mnaona mwanaume amekaa nyuma ya boti, mkono juu ya motere, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa kamba. Picha hii ilichorwa mara mbili. Mara ya kwanza mchoraji alimweka kando ya barabara, mkono umenyooka, macho chini. Sisi wa komite tuliipenda. Tusifiche: tulisema moyoni, hii itauzika haraka, wageni watasikia huruma. Lakini mwenyewe alipokuja kuiona, alisimama juu ya magongo yake, akaangalia muda mrefu, kisha akasema: «Miye sikuombaka. Nilitumikaka. Mguu njo haiko, mikono iko.» Mchoraji alipaka rangi nyeupe juu ya yote, akaanza upya. Sisi tulibaki na haya.

Maana wengi kati yetu tumerudi kupitia ziwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilipofunga barabara ya Goma na Minova, Ziwa Kivu ndilo likawa barabara. Maharage, makala, magodoro, mama wajawazito, vyote vilipanda boti. Nani alikuwa anatushika mkono pale Kituku tukishuka na watoto? Mabaharia. Na tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka huo boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikiwa karibu kufika Kituku, watu wako ukingoni wanaangalia. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Kuna wenzetu hapa waliopoteza watu wao siku ile. Hatutasema mengi mbele yao.

Boti ikizama watu wanakumbuka. Hawamwoni baharia anayeumia siku boti imefika salama. Mguu unabanwa kati ya boti na ukuta wa bandari. Gunia la makala linaanguka toka juu ya mzigo, linavunja uti wa mgongo. Elisi ya motere inakata vidole. Wengine walipatwa na kipande cha bomu wakiwa wamelala ndani ya boti yao. Na karibu wote tuliozungumza nao walitumika bila karatasi: juma la kwanza mwenye boti anatoa feza ya dawa, juma la pili simu haijibu. Sheria ya nchi ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, kazi ikiwemo. Ni sheria nzuri, tunaisoma kwenye semina. Pale bandarini bado haijashuka.

Sasa juu ya feza. Wafadhili wametuuliza: mbona msinunue miguu ya bandia tu? Swali ni la haki. Miguu inatengenezwa hapa hapa Goma. Kituo cha Shirika la Umoja kimesaidia wengi, na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekiunga mkono. Lakini mguu wa bandia haupatwi mara moja ukaisha. Mtu mzima anabadilisha kisha miaka michache, mtoto mapema zaidi kwa sababu anakua, na mawe ya volkano ya mji huu yanakula nyayo vibaya. Asiye na kazi, mguu ukichoka anarudi kwa magongo. Ndiyo maana mabaharia wenyewe, tulipokaa nao, walichagua kingine: vyombo vya kutengeneza motere, na nyuzi za kushona nyavu za sambaza. Kazi ya kukaa, kazi wanayoijua. Fundi wa motere anasikiliza kwa masikio, hasikilizi kwa miguu. Tulibishana jioni nzima, maana wengine wetu tulikuwa tunataka fotó ya mtu akivaa mguu mpya, tuiweke kwenye ripoti. Tulishindwa, na ni vizuri tulishindwa.

Mnawakumbuka wale wanamuziki wa Kinshasa, Staff Benda Bilili? Walipiga muziki wakiwa juu ya vigari vyao, wengi wao wamepatwa na polio. Mwaka 2009 albamu yao ikatoka, mwaka uliofuata filamu yao ikaonyeshwa Cannes. Watu walinunua muziki, si huruma. Hatusemi picha zetu zimefika hapo! Nyingine, tuseme ukweli, ziko na ziwa lenye rangi ya Fanta. Lakini ziangalieni kama picha, na mukiona mbaya msiinunue.

Bei iko nyuma ya kila picha. Nusu inaenda kwa aliyechora, nusu kwenye sanduku la mabaharia. Sanduku liko na funguo mbili, na mmoja wao anashika ufunguo wa pili. Kwa kuwa benki za mji zilifungwa mwezi wa 1 mwaka 2025, wafadhili wa mbali watume kwa simu, na tafadhali waongeze feza ya kutolea, maana hapa wakala wanakata sana na hasara ile inamfikia baharia. Karatasi ya hesabu itabandikwa mlangoni, kila memba aje asome, na asiyejua kusoma tutamsomea.

Ile picha ya mlangoni msiulize bei. Aliyechorwa ameiomba, mtoto wake anataka kuipeleka shuleni.