Almasi ya Bibi na Kiti Chake

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wazee wa ukoo wetu, usiku wa pili wa mkutano, baada ya chakula.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, ndugu zangu mliotoka Maskati, Dubai, Toronto na Mombasa, nanyi wajukuu mnaotusikiliza Kiswahili kwa sikio moja na Kiingereza kwa la pili:

Nimetakiwa niseme machache juu ya pete. Kila aliyemo humu anajua kwamba mjukuu wetu, aliye muuguzi hapa London, ataolewa inshallah baada ya miezi mitatu, na kwamba pete ya almasi ya marehemu Bibi imemfikia yeye. Kila mtu anajua pia kwamba tangu jana tumegawanyika makundi mawili. Wamoja wanasema pete ibaki kama ilivyo, kwani kuigusa ni kumvunjia Bibi heshima. Wengine wanasema iyeyushwe, itengenezwe ya kisasa. Mimi sikuitwa kuhukumu. Nimeitwa kwa sababu nilikaa miaka 31 mbele ya meza ya sonara katika mtaa wa Hatton Garden, na huenda macho yangu yakaona jambo ambalo mapenzi hayalioni.

Kwanza tukumbushane. Nikahi yetu haisimami juu ya pete. Inasimama juu ya walii, mashahidi, ijabu na kabuli, na mahari ni haki ya mke. Pete ni ada njema tu, wala asiwepo kijana wa ukoo huu atakayekopa ili kununua jiwe. Lakini jiwe likiwa limekwisha kuwako, na limevaliwa na mama wa watu wote hawa, ni wajibu kulitunza.

Sasa nieleze maana ya neno nitakalolitumia. Ile sehemu ya pete inayolishika jiwe nitaiita kiti. Watu huchagua jiwe kwa siku nyingi na kiti kwa dakika moja, ilhali kiti ndicho kinachoamua kama jiwe litafika kwa mjukuu au litaishia katika bomba la maji machafu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Viti ni vya aina nyingi, nami nitataja vile tunavyoviona zaidi madukani. Cha kwanza ni cha vikucha: vijiti vinne au sita vya madini vinapanda pembeni mwa jiwe na kuinama juu yake. Duka la Tiffany la New York lilikitangaza kiti cha vikucha sita mwaka 1886, na mpaka leo ndicho wengi wanachokifikiria wakisikia pete ya uchumba. Uzuri wake ni kwamba jiwe linaonekana lote. Ubaya wake ni kwamba vikucha hunasa nguo, nywele na glovu, na huliwa kidogo kidogo kwa miaka.

Cha pili ni cha ukingo: ukanda mwembamba wa dhahabu unalizunguka jiwe lote na kulibana kiunoni. Hiki ni cha zamani kuliko vikucha. Watu husema kinalifisha jiwe. Si kweli hivyo. Mwanga wa almasi unaingia kwa juu zaidi, unagonga pande za chini na kurudi juu tena, kwa hiyo jiwe lililochongwa vizuri litang'aa hata likizungukwa.

Cha tatu ni cha mfereji, ambapo vijiwe vidogo hupangwa mstari kati ya kuta mbili za dhahabu. Cha nne ni cha kuzamisha, ambapo jiwe hulala ndani ya mwili wa pete, uso wake ukilingana na dhahabu. Kisha kuna kutandaza vijiwe vidogo sana juu ya pete kama mchanga, na kuna kulizungushia jiwe moja duara la vijiwe ili lionekane kubwa. Hivi viwili vinapendeza sana dukani. Lakini kila kijiwe kinashikwa na chembe ndogo ya madini, na kila chembe ni mlango wa kupotelea. Tena, pete iliyojaa vijiwe mzunguko mzima ni taabu kuipanua, na vidole vya binadamu hunenepa kwa joto, kwa mimba na kwa umri.

Wengi hudhani almasi haivunjiki. Ni kweli kwamba hakuna jiwe la asili liwezalo kuikwaruza ila almasi nyingine. Lakini kutokwaruzika si kutovunjika. Almasi ina njia zake za kupasukia, na pigo moja la mahali pabaya, hasa kiunoni ambako ni kwembamba, huweza kumega kipande. Sonara anayelibana jiwe bila kulichunguza anacheza kamari na mali ya mwenzake.

Jana usiku, kwa idhini ya mwenyewe, niliitazama pete ya Bibi kwa lenzi yenye kukuza mara 10. Nitawaambia nilichokiona. Jiwe lina upana wa milimita 6 hivi, lenye uzito wa robo tatu ya karati au zaidi kidogo. Limechongwa kwa mtindo wa zamani: uso wake wa juu ni mdogo, kimo chake ni kirefu, na linawaka kwa miale mipana kama taa ya chemni. Ndugu mmoja aliniuliza kama ni almasi ya Mwadui. Nilimjibu kwamba jiwe likishachongwa, jicho haliwezi kulisoma lilikotoka, na pete hii haina hati. Tuipende bila kuitungia nasaba.

Kiti chake ni cha vikucha vinne. Viwili vimelika hata vimekuwa vyembamba kama ukucha wa mtoto. Chini ya kimoja kuna pengo dogo kiunoni mwa jiwe, la miaka mingi. Ndugu zangu mnaosema pete ibaki kama ilivyo, naheshimu machozi yenu, lakini pete hii haiwezi kubaki kama ilivyo. Ikivaliwa hivi, jiwe litatoka. Swali ni kama tutalitoa sisi kwa koleo, au litajitoa lenyewe barabarani.

Nasema haya kwa uchungu kwa kuwa yamenifika. Mwaka 1984 nilimtengenezea mke wangu pete ya vikucha virefu, kwa sababu nilitaka watu waione kutoka mbali. Mwaka 1991, akikanda unga wa chapati, alitazama kidole akakuta kiti kitupu. Tulichekecha unga wote, tukafungua bomba la sinki, tukapekua takataka kwa mikono. Hatukuliona. Miaka saba nilikuwa nakagua pete za wateja kila siku, na ya mke wangu sikuikagua hata mara moja. Kinyozi hajinyoi. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Basi nina shauri gani? Mjukuu wangu, wewe unafanya kazi ya mikono. Hospitali za hapa kwa kawaida humruhusu muuguzi pete moja tupu isiyo na kito, kwa ajili ya usafi wa mikono. Kwa hiyo hata kiti kizuri namna gani, almasi hii haitaingia wodini. Maana yake unahitaji pete mbili: moja tupu ya kila siku, na moja ya jiwe la Bibi ya kuvaa nyumbani na shereheni.

Kwa jiwe, mimi ningechagua ukingo wa dhahabu ya manjano ya karati 18. Dhahabu hiyo ni laini kiasi, inasukumwa taratibu juu ya kiuno chenye pengo, kuliko dhahabu nyeupe ambayo ni ngumu na hurudi kama springi. Kwa kuwa jiwe ni refu, kiti hakitaweza kulala chini kabisa, na asikudanganye mtu kwamba kitalala. Chini kiachwe wazi, upate kulisafisha. Lakini fundi akilitoa jiwe na kuona pengo ni kubwa kuliko nilivyoona mimi, basi arudi kwenye vikucha, sita na vifupi, kimoja kikilifunika pengo bila kulikandamiza.

Na dhahabu ya Bibi isitupwe wala isiuzwe. Fundi mwaminifu ataondoa sehemu zilizochomelewa, kisha ataiyeyusha na kuifanya ile pete tupu. Hivyo saa utakazokuwa wodini, Bibi atakuwa nawe, na hakuna meneja atakayekukataza.

Kabla hujamkabidhi fundi jiwe, lipimwe, lipigwe picha, na upewe stakabadhi yenye vipimo na alama ya lile pengo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikirudi, tazama chapa ndani yake: hapa Uingereza pete ya dhahabu inayozidi gramu moja haiuzwi kuwa ni dhahabu bila chapa ya ofisi ya upimaji, na karati 18 huandikwa 750.

Kisha itunze. Almasi hupenda mafuta. Hata migodini iliwahi kunaswa kwa meza zilizopakwa grisi, maji yakipita na almasi ikiganda. Ndiyo maana inafifia haraka kidoleni mwa mpishi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vinatosha. Ivue ukikanda unga. Na mara mbili kwa mwaka mpelekee sonara aikague. Nikiwa hai, mlango wangu uko wazi, wala silipishi.

Nimemaliza. Wazee wenzangu, tumesema sana juu ya kidole kisicho chetu. Bibi mwenyewe alivaa pete hii akisonga, akifua na akituogesha, hakuiweka kabatini. Neno la mwisho ni la mwenye kidole, nasi tumwachie. Ikiwa atachagua tofauti na nilivyosema, nitamtengenezea hicho alichochagua kwa mikono yangu, maadamu macho bado yananitii. Na wale wanaohofu kuivunja pete ya zamani nawakumbusha maneno ya wahunzi wa kwetu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwenyezi Mungu aijalie ndoa hii kheri na baraka, na atukutanishe tena mkutano ujao tukiwa wazima.