Kitufe Kikishabonyezwa, Nani Atakwenda?



Ufundi wa kutunga programu za simu si siri ya watu wa ng'ambo tena. Kijana mwenye kompyuta ya kuazima na bando la kutosha aweza leo kujifunza misingi yake kwa miezi michache, bila kuvuka mlango wa chuo kikuu. Hilo ni jambo la kushangilia. Lakini pamoja na shangwe hiyo yapasa ielezwe wazi kwamba wengi wanaoingia katika ufundi huu huanzia mahali pasipo. Huanza na rangi za kioo, jina la programu na alama yake. Swali la nani ataishika simu hiyo, usiku gani, na akishabonyeza kitufe ni nani atakayevaa viatu na kutoka nyumbani, huachwa liwe la mwisho. Pengine haliulizwi kabisa.

Mkoani Mara swali hilo si la darasani. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 32 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 10. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulikuta 28 kwa Mara. Maana yake desturi inapungua, lakini inapungua polepole mno kwa msichana ambaye zamu yake ni mwaka huu. Sheria ipo tangu mwaka 1998, nayo inatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa kosa la kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo msimu wa saro hufika Desemba, shule zikiwa zimefungwa na walimu wametawanyika. Msichana asiyetaka huwa na siku chache tu za kutafuta msaada, na mara nyingi hana simu yake mwenyewe.

Kuna vijana waliokwisha kulitazama jambo hili kwa jicho la msanifu. Mwaka 2017 wasichana watano wa sekondari mjini Kisumu, Stacy Owino, Cynthia Otieno, Purity Achieng, Mascrine Atieno na Ivy Akinyi, walitunga programu waliyoiita i-Cut na kuipeleka Marekani kwenye mashindano ya Technovation. Wao ni Wajaluo, na Wajaluo hawakeketi. Kilichowasukuma ni mwenzao wa shule aliyekeketwa akaacha masomo. Programu yao ilikuwa na vitufe vichache tu: kuomba msaada, kuokolewa, kutoa taarifa, kupata maelezo juu ya ukeketaji, kuchangia na kutoa maoni. Mwaka 2019 kundi lao, The Restorers, lilifika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Sifa wanazostahili wasichana hao ni nyingi, na iliyo kubwa kupita zote ni uchache wa vitufe. Mtu aliyeshikwa na hofu hasomi ukurasa mzima. Msanifu chipukizi hupenda kuonyesha kila alichojifunza, akajaza kioo mapambo, na hatimaye mwenye shida hajui aguse wapi. Kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza, na wasichana wa Kisumu waliimudu wakiwa bado na sare za shule.

Lakini kitufe cha kuokolewa kikishabonyezwa, taarifa imfikie nani? Naye akishaipata, aende wapi? Jibu la swali hili lilitafutwa ng'ambo ya mto Mara, wilayani Serengeti, kwa njia isiyokuwa na fahari yoyote: ramani. Katika nyumba salama ya Mugumu, ambako wasichana waliokimbia ukeketaji hupokewa, tatizo halikuwa upungufu wa wito wa msaada peke yake. Simu ilipolia usiku, mwokoaji na polisi walitakiwa wakitafute kijiji ambacho njia zake hazikuwa katika ramani yoyote, kwenye nyumba isiyo na namba, barabara isiyo na jina. Mtu huweza kupoteza saa nzima akiuliza njia, na anapouliza njia usiku habari za safari yake humtangulia.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali waliketi mbele ya kompyuta zao, wakatazama picha zilizopigwa na setilaiti, wakachora barabara na nyumba moja moja katika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wenyeji wakaongeza kile ambacho setilaiti haikioni: majina ya vitongoji, shule, zahanati, makanisa, maduka. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, likawa na watu wa kujitolea vijijini waliopewa simu janja na kufundishwa kutoa taarifa kwa fomu za ODK. Programu hiyo, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ina tabia moja inayofaa sana vijijini: fomu hujazwa hata pasipo mtandao, ikasubiri simuni mpaka mnara upatikane, kisha ikatumwa.

Hapo pana somo la ufundi. Waliofanya kazi hii hawakuanza kwa kutunga programu mpya. Walitumia zilizokuwapo, wakaweka nguvu zao katika majina ya vijiji na katika watu wa kupokea simu. Kijana anayetaka jina huenda akaona hiyo ni kazi ya karani. Basi na iwe ya karani. Na hapa Nyangoto kazi hiyo haiishi. Tangu mgodi wa dhahabu wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, ardhi ya Nyamongo imebadilika sura. Kaya zimehama kuupisha, na njia zimehama pamoja nazo. Picha ya setilaiti ya miaka iliyopita itamwonyesha mwokoaji nyumba ambayo leo haipo. Anayejua hivyo ni kijana wa hapa.

Jambo jingine ni simu zenyewe. Msanifu hutunga kwa simu janja kwa sababu ndiyo iliyo mkononi mwake. Bibi wa msichana ana kitochi. Historia ya Afrika Mashariki inafundisha vizuri juu ya hili. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ikaenea kwa sababu haikudai simu ya bei mbaya: mkulima alibonyeza nyota, tarakimu na reli, akapata huduma ileile anayopata tajiri. Ushahidi, iliyoundwa na Wakenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ilipokea ujumbe mfupi wa kawaida na kuuweka katika ramani. Kwa hiyo programu yoyote ya Nyangoto isiyo na mlango wa kitochi imewafungia nje wale wale inaodai kuwatumikia. Tena kuna namba 116, simu ya taifa ya msaada kwa watoto, ambayo mpigaji haidai salio. Kabla ya kutunga njia mpya ya kuita msaada, ni haki kijana aulize kwa nini iliyopo haitumiki kijijini kwake: je, haijulikani, mtandao haukamati, au simu iko mfukoni mwa baba?

Simu ya mfukoni mwa baba ndiyo hatari yenyewe. Nyumba nyingi zina simu moja au mbili, na ujumbe unaoingia husomwa na aliyeishika. Programu ikimjibu msichana kwa maneno mazuri, "Taarifa yako ya ukeketaji imepokelewa", imemsaliti mbele ya wale wanaoandaa sherehe. Msanifu mwangalifu hutunga jibu lisiloeleza kitu, huruhusu taarifa ifutike baada ya kutumwa, na hukubali taarifa iletwe na mwalimu, jirani au rafiki, ili msichana asilazimike kugusa simu hata kidogo. Aidha, ramani na taarifa visichanganywe. Ramani ni huria, kila mtu huisoma, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini mahali alipo msichana aliyetishiwa, jina lake na jina la aliyetoa taarifa ni vitu vya kufungwa na kufunguliwa na wachache wanaojulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu hata kijana anayetunga programu chumbani kwake. Na hata kama isingemhusu, msichana angebaki palepale na hatari yake.

Lugha nayo isidharauliwe. Neno "ukeketaji" ni neno la serikali na la mahakama. Mama wa makamo wa Kikurya aweza kulisoma kama shtaka dhidi yake, akaiweka simu chini. Maneno ya vitufe yajaribiwe kwa kina mama, wanafunzi na wazee wa mila, mmoja mmoja, simu ikiwa mkononi mwao na msanifu akiwa amefunga mdomo. Kijana atakayevumilia kukaa kimya huku mtu mzima akigusa kitufe kisichohusika atajifunza kwa adhuhuri moja mambo ambayo hakuna kozi inayoyafundisha.

Yapo mashindano mengi ya programu, na zawadi zake zinavutia. Ubaya wake ni kwamba majaji huona siku moja tu ya maisha ya programu. Baada ya hapo seva hudai kodi yake kila mwezi, simu hubadilisha mfumo, namba za ofisa ustawi wa jamii na za Dawati la Jinsia na Watoto hubadilika maofisa wanapohamishwa vituo. Programu inayoendelea kuita namba iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwapo kwa programu, kwani imemfanya mtu asubiri.

Kwa hiyo jaribio linalofaa lifanyike mapema, mwezi wa Oktoba, kabla shule hazijafungwa. Wahusika wote wakiwa wamekwisha kuarifiwa kwamba ni jaribio, mtu mmoja atume taarifa kutoka Nyangoto saa tano usiku, kwa kitochi kisicho na salio. Saa ihesabiwe mpaka gari lifike. Na kama gari halikutoka, sababu iandikwe: mafuta, dereva, njia, au namba iliyokuwa imezimwa.