Kila pikapu na konveta yake

Katika mtaa wa Main, eneo la Marshalltown, kusini mwa kitovu cha jiji la Johannesburg, wapita njia hukutana na mitambo ya kale ya migodini iliyowekwa kando ya barabara iwe kumbukumbu. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886, makampuni makubwa ya uchimbaji yalijenga ofisi zao hapa. Mji ulikua mahali pasipo na bandari wala mto mkubwa, juu ya uwanda ulio takribani mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Mgandamizo wake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ule wa pwani, na injini yoyote inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe hupoteza sehemu ya nguvu zake.

Ndiyo maana wenye magari wa Johannesburg huvutiwa na supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia injini hewa nyingi zaidi ya ile ambayo ingeivuta peke yake. Wazo lenyewe ni la zamani. Ndugu wawili wa familia ya Roots, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, walibuni pampu ya aina hiyo mwaka 1860, na ilitumika kupuliza hewa katika tanuri za kuyeyushia chuma kabla haijafika kwenye magari.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeegesha pikapu yake Marshalltown. Pikapu hiyo, ambayo wenyeji wa Afrika Kusini huiita bakkie, ina injini ya petroli ya lita 4 na giaboksi ya otomatiki. Kila wiki huteremka nayo Durban, umbali wa karibu kilomita 570, na kurejea na mzigo wa bandarini. Ameshafunga supachaja. Sasa fundi anamwambia kwamba konveta ya zamani haitastahimili, na kwamba sharti anunue nyingine. Ipi? Swali hilo laonekana dogo, lakini akikosea atapoteza giaboksi nzima, na pengine mtaji wake pamoja nayo.

Toki konveta, kwa jina lake kamili, ndiyo inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki. Hushika nafasi ya klachi. Ndani yake mna mapanga ya aina tatu yaliyozama katika oili. Panga la kwanza huzungushwa na injini na kuirusha oili; la pili hupokea msukumo wa oili hiyo na kuizungusha giaboksi; la tatu, lililo katikati, huielekeza upya oili inayorudi ili isipingane na injini. Kwa sababu ya hilo la tatu, gari linapoanza kuondoka msokoto wa injini huweza kuongezeka kwa takribani mara mbili. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya kifaa hiki mwaka 1905, akikusudia kuunganisha tabaini za mvuke na pangaboi za meli. Kampuni ya Buick ilikiingiza katika magari yake ya abiria mwaka 1948, katika giaboksi iliyoitwa Dynaflow.

Konveta hupimwa kwa kile ambacho mafundi hukiita mizunguko ya mkwamo. Nayo ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo injini huifikia petroli ikikanyagwa hadi mwisho huku magurudumu yakiwa yamezuiliwa kwa breki. Konveta yenye kipenyo kidogo aghalabu hukwama kwenye mizunguko ya juu. Yenye kipenyo kikubwa hukwama kwenye mizunguko ya chini. Washindani wa mbio fupi hupenda ile ya juu, 3,000 na zaidi, ili gari liruke likiwa tayari na nguvu zake zote.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwenye pikapu husikia kwamba gari lenye nguvu huhitaji konveta ya mkwamo wa juu, naye hununua ile ya mashindano. Anasahau kwamba supachaja si sawa na tabo. Tabo huzungushwa na moshi wa injini, na mara nyingi huhitaji muda kabla ya kuamka. Supachaja ya mkanda, hususan ya aina ile ya ndugu Roots, hutoa msokoto mapema, injini ingali katika mizunguko ya chini. Hakuna sababu ya kuisubiri nguvu ambayo tayari ipo.

Kuna jambo la pili, nalo husahaulika zaidi. Mizunguko ya mkwamo si tabia ya konveta peke yake. Hutegemea pia msokoto wa injini iliyo mbele yake, na huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha msokoto huo. Konveta iliyokwama kwenye mizunguko 2,000 kabla ya supachaja itakwama kwenye 2,400 ikiwa msokoto umeongezeka kwa asilimia 44. Ni konveta ileile, haikuguswa. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi dukani haina maana mpaka muuzaji aeleze ilipimwa kwa injini gani.

Aidha, namba hiyo hubadilika kwa kubadilika kwa mahali. Supachaja inayofuata mkanda husukuma ujazo uleule wa hewa kwa kila mzunguko, uwe Marshalltown au ufukweni Durban. Lakini ujazo huo huwa na hewa nzito zaidi huko pwani. Pikapu ambayo konveta yake hukwama kwenye mizunguko 2,300 ikiwa Johannesburg yaweza kufikia karibu 2,550 ikiwa Durban. Dereva ataiona kama gari jingine: lina nguvu zaidi, na konveta inateleza zaidi kabla ya kushika.

Kuteleza huko ndiko kunakozaa joto, na joto ndilo adui wa giaboksi. Oili yake hufanya kazi vyema ikiwa katika nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Ikipita 120 kwa muda mrefu huharibika upesi, hupoteza utelezi wake, na klachi zilizo ndani ya giaboksi huanza kuungua. Katika mwendo wa kasi isiyobadilika, konveta za kisasa hujifunga kwa klachi maalumu ili injini na giaboksi ziende pamoja bila kuteleza. Lakini mlima ukija na mzigo ukiwa mzito, kufuli hiyo huachia.

Sasa mfuate mfanyabiashara wetu akirudi kutoka Durban. Barabara ya N3 yapanda kutoka usawa wa bahari hadi milima ya Drakensberg, na kuivuka kwenye mlima wa Van Reenen. Kadiri anavyopanda, injini inazidi kudhoofika na hewa inayopoza rejeta inazidi kuwa nyepesi, ilhali mzigo ni uleule. Tuseme kwamba akiwa katika gia ya juu, kwa kilomita 120 kwa saa, injini yake huzunguka mara 2,300 hivi kwa dakika. Akiwa amefunga konveta ya mkwamo wa 3,000, kila kufuli inapoachia injini itakuwa ikifanya kazi chini ya kiwango ambacho konveta hiyo iliundwa kushika vizuri. Oili itasukwasukwa na kuchemka. Na hata akifika salama, foleni za Johannesburg, simama na uende, zitaendeleza kazi hiyohiyo ya kuipika.

Basi achague ipi? Kwa pikapu ya kazi, jibu la busara ni kununua uimara kabla ya kununua mizunguko. Mkwamo ubaki karibu na ule wa kiwandani, ukiongezeka kwa mizunguko mia mbili au tatu hivi baada ya kuihesabu supachaja. Kilicho muhimu ni mapanga yaliyolehemiwa vizuri ili yasilegee, ganda gumu lisilovimba kwa shinikizo la oili, na klachi ya kufuli yenye uwezo wa kubeba msokoto mpya. Kisha iongezwe rejeta ya oili iliyo kubwa zaidi, pamoja na kipimajoto ambacho dereva anaweza kukisoma akiwa njiani.

Kabla ya kulipa, muuzaji anapaswa kuuliza maswali, si kuulizwa tu. Gari lina uzito gani, na hubeba au kuvuta kiasi gani? Msokoto wa injini ni upi kwenye mizunguko 2,000, wala si kwenye kilele chake? Matairi yana ukubwa gani, na difu ina uwiano upi? Na je, gari hufanya kazi kwenye mwinuko upi? Muuzaji asiyeuliza lolote kati ya hayo anauza chuma tu, hauzi ushauri.

Jambo hili si la Johannesburg pekee. Nairobi nayo iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na lori au pikapu inayopanda kutoka Mombasa hupita mtihani uleule. Ndivyo ilivyo kwa anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya. Konveta iliyosifiwa na rafiki aliyeko pwani yaweza kuwa mzigo kwa aliyeko bara, na iliyoshinda mbio za Jumapili yaweza kumwacha mtu kando ya njia siku ya Jumatatu, mzigo ukiwa haujafika na mteja akisubiri.

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mfanyabiashara wa Marshalltown ana safari moja kila wiki, mlima mmoja mkubwa, na mzigo anaoujua uzito wake. Hivyo ndivyo vipimo vyake, na ni kwa hivyo anapaswa kuchagua.