Lugha Nyingi, Masikio Yasiyopimwa

Mada kwa walimu na wazazi wa Arua na Koboko



Nianze na mpwa wangu. Alipofika darasa la tatu, mwalimu alimwambia dada yangu, "Mama, mvumilie, huyu bado hajazoea lugha." Tukaona ni kweli. Nyumbani ni Kikakwa, sokoni Koboko ni Kiswahili na Kiarabu cha Juba, majirani waliotoka Arua wanaongea Kilugbara, na darasa la nne Kiingereza kinamngoja. Tukavumilia. Siku moja sinia la bati likamponyoka dada nyuma ya mtoto, likalia mpaka mbwa akatimka. Mtoto akaendelea kuchora mchangani.

Simlaumu mwalimu yule. Mwenye watoto mia darasani hamwoni kila mmoja. Ila nasema hivi: hapa mpakani wingi wa lugha unaficha uziwi. Kwingine mtoto asiyejibu hushukiwa mapema. Kwetu anaambiwa atajifunza.

Na masikio yetu yana maadui. Sikio linalotoa usaha tunalipangusa kwa pamba, tunangoja likauke lenyewe. Halafu kuna homa ya uti wa mgongo: West Nile, eneo letu, imo katika ukanda wa Afrika unaokumbwa na ugonjwa huo, na mtoto anaweza kupona akabaki kiziwi. Ukiwa na shaka, simama nyuma yake, usimguse, mwite kwa lugha ya nyumbani na kwa sauti ya kawaida. Hicho si kipimo. Ila asipogeuka, kesho yake mpeleke hospitali.

Wazazi wengi huenda shuleni kumtetea mtoto wao kama wanaoomba chumvi kwa jirani. Lakini Sheria ya Watoto ya Uganda inawataka wazazi na serikali, wote wawili, wahakikishe mtoto mwenye ulemavu anapimwa mapema iwezekanavyo na anapata nafasi sawa ya kusoma. Hata mwaka 1997, elimu ya msingi ya bure ilipoanza kwa watoto wanne wa kila familia, mwenye ulemavu alitangulizwa.

Kwa hiyo andikeni. Maneno ya mlangoni yanasahaulika mwalimu mkuu akihamishwa. Barua iseme mtoto anashindwa nini na mnaomba nini: dawati la mbele, mwalimu asiongee huku amegeukia ubao, mtoto apimwe. Ambatisha karatasi ya hospitali, na nakala yako igongwe muhuri. Shule ikinyamaza, nenda ofisi ya elimu, lakini uliza kwanza ni ipi. Koboko ni wilaya yake tangu 2005. Jiji la Arua lilianza Julai 2020 na lina ofisi yake, mbali na ya wilaya. Terego nayo ikajitenga na wilaya ya Arua mwaka uleule. Nimewaona akina mama wakimaliza nauli ya boda kwa kuzungushwa mjini.

Mtihani wa darasa la saba nao una njia yake. Baraza la mitihani, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na kiziwi anaweza kupata mkalimani wa lugha ya alama. Lakini lazima shule iwe imemtaja mtoto wakati wa kuandikisha. Asipotajwa, siku ya mtihani atakaa kama wengine.

Walimu wa darasa la sita mlio hapa, nawaomba, kabla watoto wenu hawajafika kuandikishwa kwa mtihani: mkirudi shuleni, anzeni na wale wa nyuma wanaoitikia "ndiyo" kwa kila swali. Waiteni mkiwa nyuma yao.