Ufunguo Nilioushika



Nimeombwa kueleza kazi ya mwezeshaji wa vikundi. Nitaeleza kosa langu moja.

Nzuguni, upande wa viwanja vya Nanenane, nilihudumia kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Sanduku lao lina kufuli 3. Funguo hukaa kwa wanachama watatu, wala si kwa mweka hazina, ili lisifunguliwe ila mbele ya mkutano. Wakaning'ang'ania: "Mwanetu, wewe ndiye msomi, shika mmoja." Nikashika. Nakiri nilifurahi.

Siku moja ya mkutano nilikuwa kwenye semina Morogoro. Mama mmoja alihitaji fedha za mfuko wa jamii, ule wa dharura. Mtoto wake ana homa kali. Sanduku halikufunguka. Majirani wakachanga, mtoto akapona.

Niliporudi hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaurudisha ufunguo, nikaanza kukaa nyuma, jamvini. Kunyamaza, vijana, sikufundishwa chuoni. Mkutano uliofuata walibishana saa nzima juu ya faini ya wachelewaji, wakakata shilingi 500. Mimi ningesema 200.