Mapunye kwa Watoto: Maradhi Yale Yale, Kuvu Nyengine
(Mazungumzo ya elimu ya afya)



Mapunye ni maradhi ya ngozi ya kichwa yanayowapata zaidi watoto wa umri wa skuli. Husababishwa na kuvu, wala si jicho la mtu wala uzembe wa mzazi.

Inafaa ieleweke kwamba kuvu hizo hubadilika kwa zama na mahali. Hadi miaka ya 1950, iliyoenea zaidi Uingereza na Marekani ilikuwa Microsporum audouinii. Nywele zilizoshikwa na kuvu hiyo hung'ara rangi ya kijani chini ya taa ya Wood, hivyo mkaguzi wa skuli alimtambua mgonjwa kwa wepesi. Dawa ya kumeza ya griseofulvini ilipoanza kutumika 1958, kuvu hiyo ilipungua sana huko. Nafasi yake ikachukuliwa na Trichophyton tonsurans, ambayo haing'ari. Hiyo huukata unywele usawa wa ngozi na kubakisha vitone vyeusi, au huonekana kama mba tu. Trichophyton violaceum, inayopatikana Afrika Mashariki, nayo ina tabia hiyo hiyo, na zote mbili huambukizwa na mtu kwa mtu.

Kwa hivyo wazazi, walimu wa skuli na walimu wa vyuo vya Kurani wanakumbushwa yafuatayo:

1. Mba isiyokwisha kichwani mwa mtoto isidharauliwe, hata kama hakuna baka.

2. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwani kuvu imo ndani ya unywele. Griseofulvini hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, na humezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Isikatizwe kwa kuwa nywele zimeanza kuota.

3. Watoto wote wa nyumba moja wakaguliwe. Kofia, mitandio na vitana visishirikiwe, na mashine za kunyolea zisafishwe kila baada ya kichwa kimoja.

4. Uvimbe laini wenye usaha usitumbuliwe. Mtoto apelekwe kituo cha afya upesi, kwani akicheleweshwa huweza kubaki na kipara cha maisha.

5. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa asizuiwe kusoma, wala asipachikwe majina. Anayefichwa nyumbani kwa aibu hukosa dawa na hukosa masomo, na nduguze huendelea kuambukizwa.