Nauli ya Mwalimu Mgeni

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwenye redio ameiweka mahali ambapo hata waliokaa nyuma wanasikia. Mwalimu wa darasa anayo karatasi ya somo hili. Baada ya mazungumzo mtaisoma polepole, kila mtu aya yake.

Leo nataka kusema nanyi juu ya watu wanaokwenda nchi za mbali kwa kazi ya kufundisha lugha. Ninyi wa Morogoro mmewaona. Kijana wa Kizungu anashuka katika basi pale Msamvu, mkoba mkubwa mgongoni, jasho linamtoka, anauliza gari la kwenda Mgeta au Matombo. Ukimwuliza kazi yake, anasema amekuja kufundisha Kiingereza.

Kwa nini ameacha kwao? Wengine wanapenda kusaidia. Wengine hawajapata kazi huko walikotoka. Lakini wengi, ukiwauliza vizuri, watakwambia kwamba walitaka kuona dunia. Mimi sioni ubaya. Zamani mtu aliyetaka kuona nchi alifuata msafara wa biashara au alikuwa baharia. Siku hizi kijana asiye na fedha za kutembea, lakini mwenye Kiingereza tangu kuzaliwa, huifanya lugha yake kuwa nauli. Serikali ya Japani ilianza mwaka 1987 mpango wa kuwaita vijana wa namna hii wawasaidie walimu wa shule zake, na huwalipa mshahara. Wanaokuja kwetu wengi wao hujitolea.

Kwetu jambo hili si jipya. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, walimu wa Kimarekani walianza kuletwa kufundisha katika shule za sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Walitayarishwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na Makerere, Uganda. Mwaka huo huo Marekani ilianzisha Peace Corps, ambayo walimu wake wamefundisha katika mikoa mingi ya nchi yetu. Iliondoka mwaka 1969, ikarudi mwaka 1979. Waingereza nao walikuwa na chama chao cha kujitolea, VSO, tangu mwaka 1958. Mwanzoni kilipeleka vijana waliomaliza shule juzi tu, baadaye kikataka watu wenye ujuzi. Nadhani walifanya vema kubadili.

Hebu tuone kwa nini walihitajiwa. Mtoto wa Mluguru husema Kiluguru nyumbani. Shule ya msingi husoma kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha yake ya tatu! Wengi huanguka hapo, na si kwa kutojua hesabu, bali kwa kutofahamu swali linauliza nini. Ninyi wazazi mmeuza ndizi na karoti ili kupata sare na madaftari, mnajua maumivu yake. Kwa hiyo mwalimu mzuri wa Kiingereza tunamhitaji kweli, awe wa kwetu au wa mbali.

Lakini yuko pia mwalimu wa majuma mawili. Huyo hulipa fedha nyingi kwa kampuni ya huko kwao, huja, huwaimbisha watoto, hupiga picha, na huondoka kabla hajashika majina yao. Watoto hufurahi, sikatai. Juma la tatu mwalimu wa darasa huanza tena pale alipoachia. Huyu ametembea tu. Hajafundisha, wala sisi hatujapata nafasi ya kumfundisha.

Maana mwalimu mgeni hana budi kuwa mwanafunzi kwanza. Peace Corps kwa desturi humpa mtu wao kama miezi mitatu akae katika nyumba ya watu, ale wanachokula, ajifunze Kiswahili, ndipo apelekwe shuleni kwa miaka miwili. Na hapa Morogoro, chini ya milima yetu, kwenye seminari ya Kilutheri, wageni wengi wamefundishwa Kiswahili kabla ya kwenda kwenye kazi zao.

Nitawapa kisa nilichokiona mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua madarasa katika kijiji kimoja cha Mgeta, kule juu ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Alikuwako mwalimu kijana kutoka ng'ambo. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, lakini masikio yake yalikuwa bado hayajatenganisha kupenda na kupanda. Kila alipokaribishwa chakula alisema, "Mimi napanda kabichi sana." Mahali pengine watu wangalicheka. Mgeta nani acheke? Kila mtu anapanda kabichi. Wakajua mwalimu anatafuta shamba.

Basi, kwa kuwa walimpenda, wakaanza kumtafutia. Kwa Waluguru ardhi ya asili ni ya ukoo, yaani lukolo, na ukoo huhesabiwa kwa mama. Mengi yamebadilika, lakini mtu akitaka kuazima kipande cha ardhi ya ukoo ni lazima azungumze na wazee wa upande huo. Mama aliyekuwa akimpikia mwalimu akampeleka kwa mjomba wake. Mzee akamkaribisha kiti, akamwuliza, "Baba, utalima mwenyewe au utaweka vibarua?"

Mwalimu hakuelewa hata kidogo. Nikaitwa nifasiri. Tulipolipata lile neno lililotupoteza njia, mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akamwambia, "Mwaka mzima unasema hivi nasi tunanyamaza? Basi sisi ndio tuliokukosea."

Yule kijana hakuona haya. Aliuliza, mbona nimeletwa kwa mzee huyu, si kwa mume wa mama huyu, wala kwa baba yake? Tukakaa mpaka giza likaingia, mzee akimweleza maana ya mjomba katika nchi ya Uluguru.

Kesho yake nilikaa nyuma ya darasa lake. Somo lilikuwa majina ya jamaa. Kitabu kilisema "uncle", neno ambalo sisi hulitamka anko. Kwa Mwingereza, ndugu wa baba na ndugu wa mama wote ni "uncle", hakuna tofauti. Siku nyingine mwalimu angaliliandika ubaoni na kuendelea mbele. Siku ile alisimama, akawauliza watoto: Je, nyumbani kwenu baba mdogo na mjomba ni mtu mmoja? Darasa zima likapaza sauti: Hapana! Msichana mmoja akasimama kueleza, kwanza kwa Kiswahili, halafu akajaribu kwa Kiingereza. Akakosea, akasahihishwa, akajaribu tena, wenzake wakamsaidia. Kipindi chote kikaisha kwa neno moja. Mkaguzi mkali angesema mwalimu amechelewesha kitabu. Mimi niliandika katika taarifa yangu kwamba ndilo somo bora nililoliona safari ile.

Uluguru imepata pia kuletewa walimu wasiouliza. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kuzuia udongo usichukuliwe na maji milimani. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Lakini watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi hata mahali ambapo udongo wa rutuba ni tabaka jembamba tu. Jembe likafukia udongo mzuri, likaleta juu ule mbaya. Watu walilalamika, hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 zikatokea ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Siisemi habari hii ili mwachukie wageni. Naisema kwa sababu wakulima wa Mgeta walikuwa na namna zao wenyewe za kukinga udongo mteremkoni, na wenye mpango hawakuanza kwa kujifunza kwao.

Sasa nigeuze habari. Je, ni wao tu wanaovuka bahari kwa nauli ya lugha? La. Alikuwako mtu wa Bagamoyo, jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo ambacho Wajerumani walisomea kabla ya kuja kutawala huku. Mbali na kwao, aliandika habari za kwao: harusi, ngoma, mazishi, malezi ya watoto. Maandishi yake mengi yakaingia katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Nafikiri mtu huziona desturi zake vizuri zaidi pale anapoulizwa habari zake na asiyezijua.

Lakini safari yake ilimgharimu. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakapanda meli pamoja kuja nyumbani. Walipofika Dar es Salaam wakuu wa koloni wakakataa mke asishuke, kwa sababu ameolewa na Mwafrika. Wakarudi Ujerumani wote wawili. Aliendelea kufundisha na kutoa hotuba, akafa Berlin mwaka 1927, mbali na Bagamoyo.

Siku hizi mlango ni mpana zaidi. Mwaka 2019 nchi za kusini mwa Afrika, katika umoja wao wa SADC, zilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Vijana wetu wenye shahada wamekwenda katika vyuo vikuu vya Marekani kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja, wakarudi. Kwa hiyo lugha unayojifunza kuiandika usiku huu, wako watu wanaoilipia ada kubwa ng'ambo.

Na hapa kusoma kwako kuna kazi. Mwanao au mpwao akija mbio na habari kwamba amepata ualimu nchi ya mbali, usianze kuuza mbuzi. Mwambie alete karatasi ya mkataba. Itafute mistari hii: nani anamwajiri, mshahara kiasi gani, atakaa wapi, nani analipa nauli ya kurudi. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, mpelekee mwalimu wa shule unayemwamini awasomee wote wawili, si mmoja. Akidaiwa fedha kwanza, au mtu akitaka kumwekea pasipoti yake, asiende.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni maneno haya: kupenda, kupanda, mjomba, baba mdogo, nauli, mkataba. Kila mmoja atunge sentensi moja kwa kila neno, kisha abadilishane daftari na jirani yake wasahihishane. Msioneane haya. Na ninyi mlio karibu na shule yenye mwalimu mgeni, mwalikeni jioni moja aje darasani, akae kwenye benchi kati yenu, mmfundishe kuamkia kwa Kiluguru. Akikosea mwambieni hapo hapo.

Kwaherini mpaka juma lijalo, saa ile ile.